Kurasa Tisa za Fundi Boila

Kwenye ofisi za mawakala wa ajira walimwita Kurasa Tisa. Hawakumwita hivyo mbele yake, maana alikuwa mtu mzima mwenye mvi na sauti nzito, lakini naye alikuwa na masikio. Alikwisha kulisikia jina hilo likipitishwa nyuma ya kioo cha mapokezi, "Kurasa Tisa kaja tena," likifuatwa na kicheko cha kuzibwa kwa kiganja. Hakukasirika. Kwanza ni kweli, wasifu wake ulikuwa na kurasa tisa. Pili, mtu akishatafuta kazi za mkataba kwa miaka thelathini na mmoja, hasira zake anazitunza kwa mambo makubwa.

Kazi yake ilikuwa boila. Kiwanda chochote kinachotumia mvuke, kiwe cha nguo, cha sukari au cha maziwa, kina pipa kubwa la chuma mahali fulani huko nyuma ambalo kazi yake ni kuchemsha maji tu. Kila baada ya muda pipa hilo lazima lizimwe, lipoe, lifunguliwe, na mtu aingie ndani kwa tumbo, tochi mdomoni, akwangue magamba ya chokaa, ang'oe mabomba yaliyooza na kutia mapya, kisha alifunge na kulijaza maji kwa nguvu aone kama linavuja. Mtu huyo ndiye yeye. Wenye viwanda hawakumwajiri moja kwa moja. Walimchukua kwa wiki sita, kwa miezi minne, mwaka mzima ikiwa bahati imeamka naye. Mkataba ukiisha alikunja ovaroli, akapanda basi, akarudi nyumbani, na kabla soksi hazijakauka kambani ameshaanza tena kuwapigia mawakala.

Ndivyo wasifu ulivyorefuka. Msimamizi wake wa kwanza, mtu mkali aliyepungukiwa vidole viwili, alimpa somo moja siku walipoagana. "Sikiliza, kijana. Kila mwezi wako uwe na mahali pake kwenye karatasi. Wakiona mwezi hauna mahali, watajua ulikuwa jela au ulikuwa kilabuni." Somo hilo lilimwingia kuliko yote aliyofundishwa na msumeno na nyundo. Kila mkataba aliuandika, hata wa siku kumi na mbili: kiwanda gani, boila ya aina gani, mabomba mangapi, nani alikuwa msimamizi. Tena aliandika kama watu wanavyosimulia maisha, kuanzia mwanzo. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa na miaka ishirini na miwili na anabeba matofali ya tanuri. Ili ujue anafanya nini sasa hivi ilibidi ufike ukurasa wa tisa, na mawakala hawana miguu ya kufika huko.

Mwaka ninaousimulia alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Magoti yalikuwa yanalia akiinama, na figo za mkewe zilikuwa zimegoma kabisa. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mama huyo alipelekwa hospitali ya mji, akalazwa kwenye kiti cha kuegemea, akachomwa sindano mbili nene mkononi, na mashine ikamsafisha damu kwa saa nne. Binti yao wa pekee alikuwa amechukua likizo isiyo na mshahara huko anakofanya kazi, mji wa mbali, ili aje kumshughulikia mama yake. Likizo hiyo ilikuwa inakaribia kwisha. Na kazi iliyokuwa ikinukia kwa baba ilikuwa ya kiwanda cha sukari, safari ya siku mbili kwa basi, miezi minane. Akienda yeye na binti akaondoka, nani atamshika mama mkono akitoka kwenye ile mashine, huku miguu inampeleka upande kama ya mlevi?

Ndipo akasikia kwamba hospitali hiyohiyo inatafuta fundi boila, mkataba wa miaka miwili. Chumba cha boila kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia mashuka, na kutoka hapo mpaka wodi ya kusafishia damu ni hatua mia mbili na kumi. Alizihesabu mwenyewe siku aliyopata habari, akiwa anamsubiri mkewe. Angemleta asubuhi, akaenda kazini, akaja saa ya chai kumchungulia, akamchukua saa nane. Katika miaka yote thelathini na mmoja hakuwahi kuitamani kazi namna hiyo. Alijikuta akitabasamu peke yake kwenye benchi. Lakini hospitali haikumpokea mtu wa kubisha hodi tu. Tangazo lilisema maombi yote yapitie kwa mawakala.

Asubuhi iliyofuata akavaa shati lake la kola ngumu, akaenda kwa wakala wa kwanza. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo, feni inazunguka kwa kulalamika, na nyuma ya meza amekaa binti mmoja mwenye simu mbili na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile kazi ya hospitali."

"Boila?" Akaupokea wasifu, akaupima uzito kwa kiganja. "Mzee, hii ni sivii au kitabu cha historia?"

"Ni kazi nilizofanya."

"Zote?"

"Zote."

Akafunua. "Ukurasa wa kwanza unabeba matofali. Wa pili bado unabeba matofali. Mzee wangu, unashusha lini?"

Hata yeye mwenyewe alicheka, ingawa hakupenda.

"Nikuambie ukweli," binti wa wakala akasema, na sasa utani umemtoka. "Hapa nina sivii sitini za kazi mbalimbali. Kwa injinia wa hospitali nitapeleka majina matano. Kila sivii naiangalia kwa muda ambao chai inapoa, na hapohapo naongea na simu. Nataka kurasa mbili. Nikiona ya tatu nimeshaanza kuumwa kichwa."

"Kurasa mbili hazinitoshi hata kufika ndoa yangu."

"Ndoa nayo hatuitaki. Kazi ya karibuni ndiyo inatangulia. Unafanya nini sasa, kisha kabla ya hapo, kisha kabla ya hapo. Mikataba mitano sita ya mwisho ielezee vizuri, boila gani, ukubwa gani, ulifanya nini. Inayofuata, mstari mmoja mmoja. Miaka ya mwanzo huko, fungu moja: kazi za awali, basi."

"Na wakiuliza?"

"Wakiuliza utawajibu wewe kwa mdomo wako siku ya usaili. Sivii inakufikisha mlangoni tu, mzee." Akamrudishia karatasi. "Na kingine. Kwa kazi hii, jina lako umeshampa wakala mwingine?"

"Bado."

"Usimpe. Niletee keshokutwa."

Hilo "bado" lilikuwa la kweli saa nne asubuhi. Saa nne na robo alikuwa kwenye ngazi simu ikalia, naye alikuwa Bwana Tai. Huyu alikuwa wakala wa zamani, mtu asiye na ofisi wala feni, ila tai haimtoki shingoni hata jua likiwa la kukaangia. Nusu ya mikataba iliyomo kwenye zile kurasa tisa alimtafutia yeye.

"Kaka! Ile kazi ya hospitali nimekuona wewe kabla hata hawajaitangaza. Nirushie sivii sasa hivi."

"Ya kurasa mbili?"

"Mbili? Nani kakudanganya? Injinia wa pale kala chumvi nyingi, anataka kuona mtu katokea wapi. Nipe zote tisa. Ukiwa na ya kumi usinifiche."

Hapa lazima nimseme kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibika. Fundi wa mkataba hajui kumwambia wakala hapana. Hajafundishwa, na ulimi wake umeshasahau njia. Wakala ukimkatalia leo, kesho anaitwa mwingine, na keshokutwa namba yako haimo tena kichwani mwake. Basi fundi huitikia kila wakala, kila kazi, kila tarehe, halafu ndiyo anaanza kufikiri. Kwamba yule binti juu kamwambia asimpe mtu mwingine jina alilisikia vizuri sana, ila alidhani analinda ugali wake tu. Akasema, "Sawa, kaka," akaingia steshenari iliyokuwa jirani na duka la vioo, na kurasa tisa zikaenda kwa barua pepe kabla hajavuka barabara.

Jumatano jioni, jua likiwa bado dirishani, wakaketi sebuleni kuukata wasifu. Mama alikuwa ametoka hospitali mchana. Amelala kwenye kochi, mkono wenye bandeji uko juu ya mto. Binti yao kaweka laptopu ya kuazima mapajani. Kwa kuwa kazi ya karibuni ndiyo inatangulia, alianza ukurasa wa tisa akawa anarudi nyuma, anasoma kwa sauti, na baba anatoa hukumu.

"Kiwanda cha maziwa, wiki tisa."

"Acha. Boila ya pale ni kama ya hospitali."

"Kiwanda cha nguo, mara ya tatu, miezi mitano. Mabomba arobaini na mawili."

"Hapo ndipo paa la jikoni liling'oka," mama akasema akiwa amefumba macho. "Nililikandamiza kwa mawe mimi na jirani."

Baba akakohoa. "Ondoa."

"Kiwanda cha karatasi, miezi saba."

"Mazishi ya baba yangu. Mkwe alituma rambirambi kwa simu ya meneja."

"Mama, na wewe!"

"Nasaidia tu. Kila mtu ana sivii yake."

Binti akacheka, baba naye akajitahidi. Waliendelea hivyo, ukurasa wa saba, wa sita, wa tano, wa nne. Kiwanda cha bia, huko ndiko binti alikootea meno. Kiwanda cha saruji, mara ya pili, huko ndiko binti alikozaliwa; yaani alizaliwa hapa nyumbani, baba ndiye aliyekuwa huko. Mama hakuwa anasema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma pamoja nao karatasi ileile kwa upande wa nyuma. Lakini kila "ondoa" ilipomtoka baba, ilizidi kuwa ya chini. Alikuwa akidhani kurasa hizo zinaonyesha kwamba hakukaa bure hata mwezi mmoja. Leo akaona aibu, na hakujua aiweke wapi.

Wakafika ukurasa wa tatu.

"Kiwanda cha sabuni," binti akasoma. "Miezi kumi na moja. Boila moja, mabomba sitini. Mbona hapa hujaandika msimamizi?"

Baba akainuka, akaenda kulifunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

"Mwaka gani huo?" mama akauliza.

Binti akautaja. Mama akafumbua macho, akayatuliza darini kwa muda, kisha akageuza shingo taratibu mpaka akamwona mumewe mgongo.

"Mwaka huo ulikuwa hapa," akasema. "Mwaka huo wote ulikuwa hapa nyumbani."

Kabla ya binti huyu walikuwa na mtoto wa kiume. Walimwita Filimbi kwa sababu ya pengo la meno ya mbele alilokuwa akipulizia mluzi kutwa nzima, mpaka majirani wakaomba wapumzishwe. Alipofikisha miaka mitano alipata saratani ya damu. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha saruji. Akaweka spana chini, akaacha mkataba katikati, akarudi. Kwa miezi kumi na moja alimbeba mgongoni, kitandani mpaka hospitali, hospitali mpaka kitandani, akamwogesha, akamnyoa, akalala sakafuni chini ya kitanda chake. Mtoto akafa. Na baba aliporudi kwa mawakala, wa kwanza alimuuliza alikuwa wapi mwaka mzima, naye akasema ukweli. Wakala akafunga faili. Alimwambia kwa upole kwamba mtu aliyeacha kazi kwa sababu ya nyumbani ataacha tena, na wateja hawapendi. Jioni hiyo akakaa na kalamu akajitungia kiwanda cha sabuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa tatu.

"Umemwandika mwanangu kiwanda cha sabuni," mama akasema. Hakupaza sauti.

"Ilibidi tule, mama watoto."

"Najua ilibidi tule. Si nilikuwa nakula?" Akajaribu kuinuka, mkono ukamkataa, akabaki alivyo. "Dada zangu wakinicheka kwamba nimeolewa na basi, mwaka huo ndio niliokuwa nakutetea nao. Nasema alikaa. Nasema siku alipotakiwa alikaa mwaka mzima, hakutikisika. Kumbe kwenye karatasi zako hukukaa."

Baba alibaki pale dirishani. Miaka ishirini na minne alikuwa akipita kwenye mstari ule haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa salamu, na sasa alitamani sakafu impokee. Binti aliwatazama wote wawili, akafuta pua kwa nyuma ya mkono, akaandika. Kisha akasoma:

"Nyumbani, kuuguza mtoto. Miezi kumi na moja. Niondoe au niache?"

"Yule binti wa wakala alisema miaka ya mwanzo iwe fungu moja," baba akasema.

"Sijamuuliza yule. Nakuuliza wewe."

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amefumba macho tena, lakini hakuwa amelala, maana kidole gumba kilikuwa kinasugua ukingo wa bandeji.

"Acha," baba akasema.

Basi kurasa zikawa mbili, safi, kazi ya karibuni juu, na huko chini kabisa, katikati ya kazi za awali, mstari mmoja umesimama peke yake. Kesho yake akazipeleka. Njiani alikumbuka zile tisa zilizokwisha kwenda kwa Bwana Tai na sabuni yake. Akafikiri kumpigia amwambie azitupe. Lakini kumpigia kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka nguvu, naye nguvu zake zote aliziacha sebuleni jana. Akairudisha simu mfukoni.

Wiki tatu zikapita. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Alizoea kukaa kwenye benchi la korido ya wodi, na kutoka hapo alikuwa akiisikia boila ya hospitali. Kila baada ya dakika kadhaa vali ilikohoa mvuke nje, fyuuu, na yeye alitikisa kichwa kama daktari anayesikia kifua kibaya. Alishaanza kuipangia kazi. Ataifungua lini, ataanzia wapi, chokaa itakuwa imekaa upande gani.

Ijumaa ya wiki ya tatu simu ikalia. Ni binti wa wakala, na salamu hakuna.

"Mzee, umenifanyia nini?"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Si nilikuuliza? Si nilikuambia usimpe mwingine? Jina lako limefika hospitali kwa milango miwili. Pale jina likija kwa mawakala wawili wanalifuta, hawataki tugombane nani kamleta. Wamekufuta." Akavuta pumzi. "Halafu zenyewe hazifanani. Moja inasema ulikuwa kiwandani, nyingine inasema ulikuwa nyumbani unauguza. Injinia kaziweka mezani pamoja. Nimeonekana tapeli mimi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikuweka wa kwanza, mzee. Kati ya wale watano nilikuweka wa kwanza," akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia kweli. Kisha akakata.

Akampigia Bwana Tai. Simu ikaita mpaka ikachoka. Bwana Tai ana kipaji cha kutopokea simu siku ambayo mambo yameharibika.

Kupitia kioo cha mlango alimwona mkewe kwenye kiti, kajifunika shuka mpaka kidevuni, bado saa mbili nzima. Akainuka akazitembea zile hatua mia mbili na kumi, akapita mashuka yaliyoanikwa, akafika chumba cha boila. Injinia mkuu alikuwa kwenye kimeza kando ya pampu, mtu mfupi, mzee kama yeye, miwani kaifunga kwa waya.

"Wewe ndiye Kurasa Tisa?"

Jina limefika mpaka huku. "Ndiye mimi."

"Nimezisoma zote tisa."

"Basi wewe ni wa kwanza."

Injinia akatabasamu kidogo, akavuta droo, akatoa karatasi. Tisa upande huu, mbili upande huu. Akaweka kidole juu ya sabuni, na kidole kingine juu ya ule mstari wa peke yake. "Ipi kweli?"

"Ya kurasa mbili."

"Na mtoto?"

"Alifariki."

Injinia akavua miwani, akaifuta kwa shati, akachelewa kuivaa. "Pole sana, mzee mwenzangu." Boila ikakohoa juu yao, wote wawili wakainua macho, wakayashusha. "Ingekuwa mimi peke yangu, ungeanza Jumatatu. Lakini ofisi ya mikataba imeshafuta. Mwaka juzi mawakala wawili walitupeleka mahakamani kwa sababu ya fundi mmoja wa umeme. Tangu hapo hawasikii la mtu."

"Naelewa."

"Mbona hukuchagua mlango mmoja?"

Alitaka kujieleza, akaona ni safari ndefu. "Sijazoea kukataa," akasema. Akageuka aondoke, lakini mkono wa kazi hauwezi kupita tu. "Vali yenu inafunguka mapema. Springi imechoka."

"Najua," injinia akasema. "Ndiyo maana nilikuwa natafuta fundi."

Aliporudi wodini wakamruhusu kuingia. Akavuta kigoda karibu na kiti cha mkewe. Mabomba mawili membamba yalikuwa yanatoka mkononi mwake, moja linapeleka damu kwenye mashine, jingine linairudisha. Maisha yake yote amebadilisha mabomba, na haya hakuthubutu hata kuyagusa.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamenifuta."

Akamgeuzia uso. "Kwa sababu ya Filimbi? Kwa sababu mmemwandika?"

"Hapana, mama. Kwa sababu yangu. Nilipita milango miwili."

"Na wewe nawe," akasema, na kwa jinsi alivyochoka ilikuwa karibu kicheko. "Injinia umemwona?"

"Nimemwona. Kaniuliza ipi kweli."

"Ukasema?"

"Nikasema nilikuwa nyumbani."

Mama akasogeza vidole vya mkono usio na sindano mpaka vikaupata mkono wake, vikaushika. Mashine ikaendelea kuzunguka. Baadaye akauliza, "Utaenda sukari?" na baba akamvutia shuka lililoteleza begani.

Mwisho wa mwezi binti akaondoka, begi moja, macho mekundu. Siku mbili baadaye Bwana Tai akapiga, mchangamfu, kama mtu ambaye hajawahi kupotea. "Kaka, yale ya hospitali yamepita. Sukari wanakusubiri. Miezi minane, na nyumba ya kulala. Basi ni Jumapili. Nikuandike?"

Fundi alikuwa jikoni anapondaponda dawa za mkewe kwa kijiko. Akaufungua mdomo, na "sawa" ilikuwa ipo tayari pale mbele, mahali pake pa siku zote. "Hapana, kaka," akasema. Bwana Tai akaita "haloo, haloo" akidhani mtandao umekatika, kisha akakata. Hakupiga tena.

Akaanza kushika vibarua vya mjini, Jumanne na Alhamisi na Jumamosi: masufuria makubwa ya mvuke ya shule ya bweni, pasi za mvuke za madobi wawili. Kazi za kijana wa miaka ishirini, na magoti yalimwambia hivyo kila jioni. Binti alikuwa akiwatumia kidogo anachoweza. Siku nyingine maisha yalikuwa magumu mpaka aliiona sukari ndotoni. Hata hivyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ulikuwa unamkuta kwenye lile benchi la korido, themosi miguuni, na fyuuu ya vali iliyochoka ikipita juu ya mabati.

Ilikuwa hapo, Jumatano moja, miezi mitano baadaye, binti wa wakala alipopiga tena.

"Shikamoo, mzee wangu. Usishtuke, sina kazi. Nasafisha mafaili, nimekukuta. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikukufuta."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu."

"Sivii yako ya kurasa mbili ni nzuri, sitaki ichakae. Niiweke sawa. Kazi ya karibuni ni ipi?"

Akatazama kupitia kioo cha mlango. Mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi kidogo, amekonda mpaka kiti kinamzidi.

"Andika: Nyumbani, kuuguza mke."

Upande wa pili vidole vilisita juu ya vibonyezo. "Niiweke wapi, mzee?"

"Si uliniambia ya karibuni inatangulia?"

"Ndiyo," akasema taratibu. "Naiweka juu. Kuanzia lini?"

Akamtajia mwezi.

"Mpaka lini?"

Nyuma ya kioo muuguzi alikuwa ameinama anasoma namba kwenye mashine, akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Hapo acha wazi, mwanangu," akasema.